Jinsi ya kulikatia gari la pili bima ya muda mfupi nchini Kenya

Nyumba nyingi zenye magari mawili zinaijua hali hii. Gari la kwanza linakwenda kazini kila siku na lina bima ya mwaka mzima. La pili, ile Probox ya zamani au Vitz ya mama, limelala uani. Hutoka Agosti shule zikifungwa, likatoka tena Desemba kupeleka watu ushago. Kulilipia miezi kumi na miwili kunauma, na kulitia barabarani bila bima ni kujitafutia balaa. Kenya kuna njia ya katikati, nayo ni bima ya mtu wa tatu ya mwezi mmoja, ile ambayo wengi tunaiita thadi pati. Nimeikata mara kadhaa kwa gari la nyumbani kwetu, na nimeona watu ninaowapenda wakipoteza pesa kwa kuruka hatua moja tu.

Usimpigie wakala yeyote kabla ya kupiga hesabu. Bima ya mwezi ni rahisi kwa mwezi huo mmoja, lakini ukiirudia inakuwa ghali. Omba kampuni moja ikupe bei mbili, ya mwezi na ya mwaka, kisha gawa ya mwaka kwa ya mwezi. Tuchukue mfano: umeambiwa shilingi 2,500 kwa mwezi na 7,500 kwa mwaka. Juu ya bei hiyo kuna tozo za kisheria: asilimia 0.2 ya mafunzo ya bima, asilimia 0.25 ya mfuko wa fidia kwa wenye bima, na shilingi 40 za ushuru wa stempu. Mwezi mmoja unakuwa 2,551.25. Miezi mitatu ukiilipia mmoja mmoja inafika 7,653.75, kwa sababu zile shilingi 40 zinarudi kila unapokata upya. Mwaka mzima ni 7,573.75. Kwa bei hizo, mwenye kulitoa gari miezi mitatu amelipa shilingi 80 zaidi ya jirani yake mwenye bima ya mwaka, na ile miezi tisa iliyobaki hana kitu. Weka bei utakazopewa wewe, upige hesabu hiyo hiyo. Gari likitoka mwezi mmoja au miwili kwa mwaka, mara nyingi ya mwezi inakufaa. Zaidi ya hapo, uliza ya mwaka bila aibu.

Elewa pia unanunua nini. Sheria ya bima ya magari dhidi ya hatari kwa watu wa tatu, Sura ya 405, inakataza kutumia gari barabarani bila bima ya kuwalinda watu wengine. Gari lililofungiwa ndani ya lango lako halihitaji bima hiyo. Likiegeshwa kando ya barabara ya umma, usijidanganye kwamba limelala. Bima hii humfidia mtu uliyemuumiza, au jamaa za aliyefariki, na sheria imeweka kikomo cha shilingi milioni 3 kwa kila mtu. Mahakama ikiamua zaidi ya hapo, salio linakuangukia wewe. Kwa upande wa mali, mfano gari la mwenzio au ukuta wa duka, sheria haikulazimishi, ila kampuni nyingi huliingiza jambo hilo kwenye mkataba. Uliza kikomo chake ni kiasi gani, na wewe utachangia kiasi gani kabla yao kulipa. Gari lako mwenyewe likipondeka, likiungua au likiibwa, thadi pati haikupi hata senti. Ikiwa gari hilo la pili lina thamani kubwa, au bado lina mkopo wa benki, unachohitaji ni bima kamili, na huko utaratibu ni mwingine: gari hukaguliwa na kuthaminiwa kwanza, na kampuni nyingi huyakataa magari yaliyozeeka.

Sasa maombi yenyewe. Tayarisha nakala ya logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, kitambulisho chako na PIN ya KRA, mamlaka ya ushuru. Logibuku ikiwa imepotelea kabatini, ingia akaunti yako ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, uhakikishe gari liko kwa jina gani. Kama ndiyo kwanza umelinunua na jina halijahamishwa, ongeza mkataba wa mauzo na nakala za kitambulisho na PIN ya muuzaji. Na hapa nikusihi: usiendeshe kwa kutegemea stika ya bima ya muuzaji. Bima ni mkataba kati yake na kampuni yake; haiuzwi pamoja na gari. Siku ile ile ya kulichukua gari ndiyo ya kukata bima yako, hata kama ni ya mwezi mmoja tu wa kusubiria karatasi.

Kuhusu kampuni, anza na ile iliyobeba gari lako la kwanza. Zipo zisizopenda kumuuzia mtu wa barabarani thadi pati peke yake, lakini mteja wao wa zamani humkubalia na pengine kumpunguzia kidogo. Kisha uliza nyingine mbili. Kila jina utakalotajiwa litafute kwenye orodha ya walio na leseni ya mwaka huu inayotolewa na IRA, mamlaka inayosimamia bima, na wakala naye vilevile. Sisemi hivi kwa kutisha. United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi wa kisheria mwaka 2005, Blue Shield ikafuata 2011, na kampuni inapofikia hapo, aliyeumizwa na gari lako humgeukia mwenye gari. Bei iliyo chini mno kuliko za wenzake wote iulizie sababu.

Ukishachagua, utaulizwa gari linatumika kwa kazi gani. Sema kweli. Cheti cha gari la kibinafsi ni cha aina ya C. Ukilitia gari la pili kwenye teksi za Uber au Bolt wikendi, au ukilitumia kubeba mizigo ya biashara, cheti hicho hakikufai, na siku ya ajali ndipo utakapoambiwa. Taja pia watakaoliendesha, hasa kijana aliyepata leseni juzi, uulize kama amekubaliwa.

Malipo hutangulia. Kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima hakiruhusu kampuni kubeba hatari kabla ya kupokea pesa, kwa hiyo ahadi ya “nitatuma Ijumaa” haikulindi Jumatano. Lipa kwa nambari ya Paybill ya kampuni, na kabla ya kuandika nambari ya siri soma jina linalojitokeza kwenye M-Pesa. Likiwa jina la mtu, simama. Jirani yetu mmoja alituma pesa kwa simu ya wakala kwa kuwa “mtandao wa kampuni uko chini.” Alipata karatasi nzuri yenye rangi zote. Kwenye mfumo haikuwapo, na simu ya wakala haikupatikana tena.

Siku hizi cheti ni cha kidijitali, kinatoka kwenye mfumo wa DMVIC wa chama cha kampuni za bima, AKI. Utatumiwa kwa barua pepe au simu. Usikifungue na kukifunga. Kisome kama unavyosoma barua ya mahari. Nambari ya gari, nambari ya chesisi, jina lako, aina ya cheti, siku na saa ya kuanza, siku ya kuisha. Desemba moja tulikuwa tumeshapakia mizigo, kuku wawili wako kwenye kapu, mama ameshakaa mbele, nami nikakifungua cheti ili nikichapishe. Herufi ya mwisho ya nambari ya gari ilikuwa N. Gari letu ni M. Nilishuka nikasimama mbele ya bampa nikilinganisha herufi moja moja, mara mbili. Kosa lilikuwa langu nilipojaza fomu usiku. Kampuni ilikifuta na kutoa kingine, tukachelewa saa mbili. Tungeondoka hivyo, kwa mfumo gari letu lingekuwa halina bima kabisa. Baada ya kusoma, thibitisha mwenyewe kwa programu ya simu ya AKI iitwayo Bima Yangu, maana askari wa trafiki naye anaweza kukihakiki kwenye mfumo.

Mfumo huo hautoi vyeti viwili vinavyofanya kazi kwa wakati mmoja kwa gari moja. Kwa hiyo ukitaka kuhamia kampuni nyingine au kupanda hadi bima kamili kabla mwezi haujaisha, cha kwanza kifutwe ndipo cha pili kitoke. Uliza mapema utarudishiwa nini ukifuta. Mara nyingi ni kidogo kuliko siku zilizobaki, na wakati mwingine hakuna. Ukitaka kuongeza mwezi, omba siku moja au mbili kabla, tarehe ya kuanza iwe siku inayofuata ile ya kuisha. Cheti cha mwezi hakikukumbushi. Weka kengele kwenye simu, na mwambie pia yule anayebaki na funguo, kwa sababu mara nyingi gari la pili hutolewa na mtu asiyejua tarehe.

Safari ikivuka mpaka, tuseme Uganda au Tanzania, cheti cha Kenya hakitoshi. Omba kampuni hiyo hiyo kadi ya njano ya COMESA. Inajengwa juu ya bima uliyo nayo, kwa hiyo muda wa bima yako uwe unafika hadi siku ya kurudi.

Na ajali ikitokea: piga picha, usikubali kosa wala kuahidi malipo pale barabarani, ripoti polisi upate abstrakti, yaani karatasi yao ya taarifa ya ajali, kisha iarifu kampuni siku hiyo hiyo, hata kama mwenzako amesema hakuumia. Watu hudai miezi mingi baadaye, wakati mwezi wako wa bima umeshasahaulika. Kinachohesabiwa ni siku ya ajali, si siku ya madai. Hifadhi cheti na risiti ya M-Pesa miaka kadhaa, na karatasi yoyote ya mahakama ikikufikia, ipeleke kwa kampuni siku uliyoipokea na udai muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.