Ukitaka mvinyo mweupe wa Italia, anza na Fiano

Omba mvinyo mweupe wa Italia katika maduka mengi ya vileo Nairobi na utaonyeshwa Pinot Grigio. Si mbaya, ila zabibu hiyo asili yake ni Ufaransa. Mimi nauza mvinyo Kilimani, na mteja akiniambia nimchagulie, mkono wangu huenda kwa Fiano.

Fiano ni zabibu ya kienyeji ya Campania, kusini mwa Italia, na iliyapitia yale yale ya managu na terere hapa kwetu: ilidharauliwa nusura ipotee. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakulima wengi waling'oa mizabibu ya zamani wakapanda inayozaa sana. Antonio Mastroberardino, mtengeneza mvinyo wa mji wa Atripalda huko huko Campania, aliyerithi kazi hiyo kwa wazee wake, alikataa, akashikilia Fiano na Greco, zabibu nyingine nyeupe ya huko. Mwaka 2003 Fiano di Avellino na Greco di Tufo, yaani Fiano ya Avellino na Greco ya Tufo, zikapewa DOCG, daraja la juu kabisa la mvinyo wa Italia.

Dukani basi, soma jina la zabibu na la mahali kwenye lebo, kisha angalia utepe wa DOCG shingoni. Chupa inayopigwa jua dirishani iache hapo hapo, hata ikiwa imepunguzwa bei; omba iliyokaa kivulini. Fiano ya miaka minne mitano usiiogope, hukomaa vizuri. Falanghina, jirani yake wa bei nafuu, inunue ikiwa changa.

Adui nyumbani ni friji. Watu huacha chupa humo tangu asubuhi, na mvinyo wa baridi kali haunukii chochote. Itoe dakika 20 kabla ya kumimina. Stima zikipotea, tia chupa kwenye ndoo ya maji na barafu nusu kwa nusu, unyunyize chumvi, izame hadi shingoni. Dakika 20 zatosha pia.

Mimina theluthi ya glasi tu, unuse kabla hujaonja. Kwanza utapata harufu ya peasi. Glasi ikipata joto kidogo huja asali na njugu za kukaanga. Hapo leta samaki wa kupaka, maana Fiano ina uzito wa kuhimili tui. Kwa tilapia ya kukaanga fungua Greco, uchachu wake hukata mafuta. Kachumbari usiitie pilipili nyingi, pombe huichochea.

Mvinyo ukibaki, rudishia kizibo, weka kwenye friji, umalize ndani ya siku tatu. Ukizidi hapo, pikia kuku.