Kutua na ndege ya gurudumu la mkia bila kugeukwa

Wiki mbili hizi nimekaa kiti cha nyuma cha Super Cub, ndege ndogo ya viti viwili, hapa Tanga, namfundisha kijana aliyezoea ndege za gurudumu la pua. Hewani hana tatizo. Tatizo huja magurudumu yakishagusa ardhi: pua inakwenda kushoto, anachelewa, mkia unaanza kutoka nje, na mimi ndiye ninayekanyaga pedali za usukani wa mkia. Haya nimemwandikia yeye, na wewe unayetaka kuhamia ndege hizi yatakufaa.

Elewa kwanza kisa chenyewe. Magurudumu makubwa yako mbele ya kitovu cha uzito. Pua ikipinda kidogo, uzito ulioko nyuma unaendelea kusukuma kule ulikokuwa ukielekea, na msukumo huo unazidisha kupinda. Ndege ya gurudumu la pua hujinyoosha yenyewe, hii hujipinda yenyewe. Tupa mshale kinyumenyume uone kama utafika kabla haujageuka.

Hatua ya 1. Kagua springi na minyororo ya gurudumu la mkia, na upepo wa matairi mawili makubwa uwe sawasawa.

Hatua ya 2. Chagua saa. Jua likipanda, upepo wa bahari nao unapanda, na majira ya kusi haukupi nafasi. Mwanafunzi wangu tunaanza saa moja asubuhi, saa nne tunafunga. Ukiweza kupata kiwanja cha nyasi, kipende kuliko lami. Kwenye nyasi tairi huteleza kidogo, kwenye lami hung'ata, na kosa dogo linakuwa kubwa papo hapo.

Hatua ya 3. Gusa ardhi pua ikiwa imenyooka na ndege haisukumwi pembeni. Bawa la upande wa upepo liwe chini, mguu wa upande wa pili ushike pua. Mimi nafundisha magurudumu matatu yaguse pamoja. Wako wanaopenda kutua kwa mawili ya mbele, hasa upepo ukiwa mkali, lakini mwanafunzi asianzie huko.

Hatua ya 4. Miguu. Hapa ndipo nilipopoteza saa nyingi kuliko kwingine kote.

Vaa raba za soli nyembamba. Buti huziba hisia za pedali. Super Cub breki zake hukanyagwa kwa kisigino, kwa hiyo jizoeze ukiwa umeegesha mpaka ujue mguu uko wapi bila kuutazama. Pua ikiwa juu huoni mbele vizuri, basi tazama mbali, kingo zote mbili za njia kwa pamoja. Ukitazama karibu, utaona ndege imepinda wakati imeshapinda.

Kisha gusa, achia. Gusa, achia. Ukikanyaga pedali ukaishikilia hadi pua irudi katikati, itapita katikati na kwenda upande wa pili, nawe utaifuata huko, na kila mzunguko utazidi uliotangulia. Waliokulia na ngalawa hunielewa upesi: ukisubiri omo igeuke ndipo uvute kana, umeshachelewa.

Na usiache. Mwendo ukipungua, usukani wa mkia unakosa hewa ya kushika, na upepo unaendelea kusukuma mkia. Kwa hiyo stiki, ile fimbo ya kuongozea ndege, ivute nyuma kabisa, gurudumu la mkia likandamizwe chini, na stiki hiyohiyo uielekeze upande upepo unakotoka, uzidishe kadiri mwendo unavyopungua mpaka ifike mwisho.

Siku moja ya kusi, upepo ukitoka kushoto, nilitua laini mno, nikashusha pumzi. Nikalegeza stiki, nikanyoosha mkono kurudisha flapu, vile vibao vya nyuma ya mabawa. Bawa la kushoto likanyanyuka, pua ikakimbilia upepo, na ncha ya bawa la kulia ikachora nyasi. Tulikuwa na mwendo wa baiskeli tu. Tangu siku hiyo sigusi flapu mpaka ndege isimame.

Hatua ya 5. Ikianza kukugeuka, pedali ya upande wa pili yote, upesi, kisha achia mara pua inapojibu. Isipojibu, ongeza breki ya upande huohuo, kwa kugusa, maana breki nzito huweza kuipindua ndege kifudifudi. Kama bado una mwendo na njia mbele, na pua bado inaelekea njiani, weka nguvu yote uruke tena: hewa ya pangaboi hurudisha uhai kwenye usukani. Ikishakaa kiubavuubavu, usiongeze nguvu. Ondoa, shikilia stiki nyuma, iache ijimalize.

Hatua ya 6. Kwenye njia ya kuegesha nenda mwendo wa mtu kutembea, pua ikipinda huku na huko ili uone mbele. Miguu ibaki kwenye pedali mpaka pangaboi lisimame. Juzi kijana alikuwa tayari amefungua mkanda, injini bado inaunguruma. Nikamwambia afunge tena, turudi mwanzo wa njia, tutue mara nyingine.