Somo: Vidonge vya majira na lile pengo la siku 7

Wanawake 100 wakimeza vidonge vya majira mwaka mzima bila kukosea, anayeshika mimba hafiki hata mmoja. Kwa umezaji wetu wa kawaida, wa leo nimekumbuka kesho nimesahau, wanafika kama 7. Somo hili ni la kuziba tofauti hiyo.

Hatua ya 1: Ijue pakiti yako. Pakiti nyingi zina vidonge 28: 21 vina homoni mbili, estrojeni na projestini, na 7 vya rangi tofauti havina homoni (mara nyingi ni madini ya chuma tu). Homoni huzuia yai kupevuka na hufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito, mbegu zisipite.

Hatua ya 2: Pima presha kwanza. Kama una presha ya juu, umewahi kuganda damu miguuni au kwenye mapafu, una kipandauso kinachoanza kwa kuona vimulimuli, au unavuta sigara na umefikisha miaka 35, vidonge vya homoni mbili si vyako. Mweleze mhudumu, usifiche.

Hatua ya 3: Anza. Ukianza ndani ya siku 5 za mwanzo wa hedhi, kinga inaanza hapo hapo. Siku nyingine pia unaweza, ukiwa na uhakika huna mimba, ila tumia kondomu siku 7. Kisha meza kila siku, saa ile ile.

Hatua ya 4: Ukisahau. Kimoja: kimeze ukikumbuka, hata kama siku hiyo utameza viwili. Viwili au zaidi mfululizo: meza kimoja, endelea na ratiba, kondomu siku 7. Ikiwa ni wiki ya tatu, ruka vile 7 visivyo na homoni, fungua pakiti mpya. Hapa ndipo wengi hunaswa: ovari huvumilia siku 7 bila homoni, ukizirefusha yai linaweza kupevuka. Kwa hiyo kuchelewa kufungua pakiti mpya ni hatari kuliko kusahau kimoja katikati.

MASWALI

*Nimetapika muda mfupi baada ya kumeza. Nirudie?*
Kama hazijapita saa 3, ndiyo, meza kingine.

*Mwalimu, nanyonyesha, mtoto ana miezi 2.*
Hongera, mama. Omba vya projestini pekee. Vya homoni mbili vinaweza kupunguza maziwa, subiri afikishe miezi 6.

*Nipo kwenye dozi ya TB, vinaingiliana?*
Ndiyo. Rifampisini hupunguza nguvu ya vidonge. Muulize mhudumu kuhusu kitanzi.

*Shoga yangu anasema nitakuwa tasa.*
Hapana, dada. Ukiacha, mimba inaweza kuingia hata mwezi huo huo, kwa hiyo kama hujawa tayari, usiache kabla ya kupata njia nyingine.

*Na magonjwa ya zinaa?*
Havizuii. Kondomu.