Udi jipya likikataa kukaa kwenye sauti

Jamani nyie mnaoanza kupiga udi, kuna kitu kidogo nimeoneshwa juzi hapa mjini nikajiona mjinga: ukityuni uzi usiifikie sauti kwa kushuka kutoka juu, ukipitiliza ulegeze kabisa mpaka uwe chini, halafu upandishe taratibu huku unakisukuma kigingi (kile kijiti cha kuzungushia uzi) ndani ya tundu yake. Sababu yake ni kwamba kigingi cha udi ni mti tu unaoshikwa na msuguano, hakina skrubu kama gitaa, na ukishuka kutoka juu uzi unabaki na ulegevu pale nyuma ya kidaraja cha shingoni, ukipiga mara mbili tatu ushateremka. Kikiteleza paka chaki kidogo, kikigoma kuzunguka paka sabuni kavu ya mche (mafuta hapana yakhe, utalia). Nyuzi mpya zitanyooka siku kadhaa, kwa hivo tyuni kila ukilishika, kwa kawaida zipo 11, jozi tano na besi moja peke yake, na hiyo ndo subira yenyewe.

Mbinu hii haifanyi kazi kama tundu ya kigingi imelika, hapo mpelekee fundi. Na angalia seti unayonunua, nyuzi za Kiarabu ukizivuta mpaka sauti ya Kituruki, ambayo iko juu kwa toni nzima, zinakatika, uzi mwembamba ndo wa mwanzo. Masika nayo ina mambo yake, unyevu ukiingia vigingi vinavimba vinakwama, usivilazimishe kwa koleo.