Baba Unayeishi Mbali na Wanao Baada ya Talaka

Anza na simu. Chagua siku mbili za wiki na saa ileile, tuseme Jumatano na Jumamosi saa 1:00 jioni, kabla watoto hawajala wakasinzia. Dakika 10 zinatosha. Simu ya kushtukiza humkuta mama yao jikoni, haipokelewi, nawe unabaki ukidhani umefichwa watoto. "Habari za shule?" huleta "nzuri" tu, basi. Uliza "yule kuku bado anataga chini ya kabati?" uone mtoto anavyofunguka. Usimpeleleze kuhusu nyumba ya mama yake. Ataanza kuikwepa simu.

Matunzo yatume tarehe moja kila mwezi, na utunze ujumbe wa muamala. Ukinyimwa kuwaona, usiyasimamishe, maana atakayelala njaa ni mtoto. Nenda kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakuruhusu kuiomba mahakama ikupangie nafasi ya kumwona mtoto.

Saa ngumu kuliko zote ni jioni ya kuwarudisha. Ndala ndogo zimebaki mlangoni, na baa iko jirani. Panga tangu asubuhi utakula na nani usiku huo, kaka yako au rafiki. Usile peke yako. Usingizi ukikupotea wiki mbili mfululizo, nenda hospitali ukamweleze daktari bila kuzunguka. Ukiwaza kujidhuru, usingoje wiki: mwambie mtu sasa hivi, akupeleke leo.