SOMO: Kusoma digrii ya jiografia na mazingira ukiwa kazini Kigoma (soma yote kabla hujanifuata inboksi)

Wakuu, wiki hii peke yake nimeulizwa mara saba kama mtu anaweza kusoma digrii ya jiografia na mazingira bila kuacha kazi. Anaweza. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kigoma, nina watoto wawili, na nilimaliza kwa miaka mitano kupitia Chuo Kikuu Huria. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamtupia uzi huu.

1. Sifa. Linganisha vyeti vyako na mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wa mwaka huu, si ule aliotumia shemeji yako.

2. Ruhusa. Kwa mwalimu, barua ipitie kwa mwalimu mkuu kwenda kwa mkurugenzi. Baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

3. Maombi ni mtandaoni. Majina yafanane na cheti cha kidato cha nne, herufi kwa herufi.

4. Makao makuu ya chuo yako Dar, lakini kituo cha mkoa kipo hapa hapa. Nenda ujulikane sura, mambo mengi huishia kwa mtu mmoja mwenye subira dirishani.

5. Mwaka wa kwanza chukua masomo machache. Mimi nilibeba mzigo mzima kama mtoto wa bweni, nikavuna sapu (mitihani ya marudio) mbili, moja ya takwimu. Muda wangu wa msuli, yaani kujisomea, ulikuwa saa nne usiku hadi saa sita, watoto wakishalala. Usijidanganye na Jumamosi, Jumamosi ina misiba.

6. UTAFITI. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo tulia usome.

Mada yangu ya kwanza ilihusu mabadiliko ya tabianchi na maendeleo katika ukanda wa Ziwa Tanganyika. Ziwa lina urefu wa kilomita 670 na ushee, nchi nne zinalichangia, na mimi nina likizo ya Desemba na nauli ya bodaboda. Msimamizi akaipiga mstari, akaniuliza, "Mwalimu, ukitoka kwako kwa miguu unafika wapi?" Nafika Kibirizi, mwaloni, wavuvi wanapoegesha mitumbwi. Mada ikawa hasara wanayopata akina mama waanika dagaa msimu wa mvua.

Nikachapisha madodoso arobaini, nikaamka saa kumi alfajiri, nikashuka mwaloni. Mwezi unawaka kama taa za uwanja. Mitumbwi imevutwa juu ya mchanga, nyavu zimetandazwa, hakuna ndoo hata moja ya dagaa. Mzee mmoja aliyekuwa anashona wavu akaniambia bila kuinua kichwa, "Mwanangu, mwezi huu taa zetu zinamwonyesha nani? Rudi giza." Dagaa huvuliwa usiku kwa kuwavuta na taa. Mwezi ukijaa taa hazina nguvu, na wavuvi wanapumzika siku kadhaa. Nimezaliwa mkoa huu, nimefundisha watoto wa wavuvi miaka tisa, na sikuwahi kujiuliza kwa nini wiki fulani wanakuja na madaftari mapya na wiki nyingine hawana hela ya uji.

Niliporudi giza, mtendaji akataka barua. Ninayo ya chuo. Akacheka kwa upole. Barua ya chuo inaanzia kwa katibu tawala wa mkoa, inashuka wilayani, halafu kata, halafu mtaa, na kila ofisi inaandika ya kwake. Siku tisa za likizo zikaishia kwenye mabenchi.

ONYO: barua zianze wiki sita kabla. ONYO: angalia mwezi kwanza, kalenda ya chuo baadaye. ONYO: uliza kama uvuvi umefunguliwa. Mwaka 2024 ulisitishwa miezi mitatu, Mei 15 hadi Agosti 15, na aliyekuwa amepanga utafiti wake Juni alibaki anahesabu mawimbi.

Na dodoso lako usilitafsiri tu kutoka Kiingereza. Nilimuuliza mama mmoja kipato chake kwa mwezi, majirani wote wanasikia. "Cha Mungu tu." Nikafuta swali. Kesho yake nikauliza, "Juzi ulianika ndoo ngapi? Mvua ilikuta ngapi bado mbichi?" Akanijibu mpaka za wiki iliyopita, na bei ya kila ndoo.

7. Ripoti. Iandike data zikiwa bado zinanuka dagaa. Ukisubiri, mwandiko wako mwenyewe hutausoma.

MASWALI

dogo_wa_katubuka: Mkuu sifa zikoje na ada shilingi ngapi?

Mimi: Sifa hatua ya 1. Ada iko kwenye tovuti ya chuo, na hubadilika.

dogo_wa_katubuka: Nilikuwa nauliza tu.

Mimi: Na mimi nilikuwa najibu tu.

Mzee wa Uvinza: Mwalimu, mkopo vipi? Bumu linatosha?

Mimi: Mimi nilijilipia kwa mshahara na kibanda cha vocha. Usipangie bajeti hela ambayo haijaingia kwenye simu yako.

reli_ya_kati: Dada hongera. Mimi niko Tabora, sina ziwa. Kwa hiyo nitafiti nini?

Mimi: Huna ziwa lakini una misitu ya miombo, kaka. Tumbaku ya huko inakaushwa kwa joto la kuni kwenye mabani (vibanda vya kukaushia), na mizinga ya nyuki inatundikwa kwenye miti ya misitu hiyo hiyo. Chukua kijiji kimoja, Sikonge au Urambo. Muulize mkulima kuni za bani moja zinatoka wapi leo, na baba yake alizikata wapi. Halafu muulize mrina asali mizinga yake ameisogeza umbali gani. Hapo una mazingira na maendeleo kwenye sentensi moja. Ila nenda wakati wa kukausha. Ukienda wakati wa vitalu vya miche utakuta mabani matupu, kama mimi na mitumbwi yangu.

reli_ya_kati: Ahsante sana. Na ramani? Msimamizi anataka niweke alama za GPS.

Mimi: Swali zuri, nilisahau aibu hii. Tumia QGIS, programu ya kuchorea ramani, ni ya bure. Picha za satelaiti za Landsat nazo ni bure tangu 2008. Mtego uko kwenye kanda za UTM, mfumo wa ramani unaoigawa dunia vipande vya wima. Kila kanda ina nyuzi sita za longitudo, na mpaka mmoja unapita longitudo 30 mashariki, unaukata mkoa wetu. Kigoma mjini ni kanda ya 35 kusini, ninyi Tabora ni 36. Mimi nilinakili mipangilio ya mwenzangu wa Tabora. Kufungua ramani, waanika dagaa wangu wote wako jirani na Kondoa.

reli_ya_kati: 😂😂 Dagaa wa Kondoa!

mama_kasulu: Sisi je?

Mimi: Kasulu mjini mmevuka kidogo tu, ninyi ni 36. Ukichanganya data za Kasulu na za Kigoma mjini, zirudishe kwanza kwenye latitudo na longitudo.

bosi_mwanga: Jiografia itakupa kazi gani? Someni afya.

Mimi: Kazi ninayo, nimesema mstari wa pili. Na maji ya ziwa yalipopanda miaka ile ya 2020 na 2021 yakaingia kwenye nyumba za ufukweni, hamkumtafuta daktari awaeleze kwa nini.

neema_u: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha sita. Kwa nini dagaa wamepungua? Baba anasema ni wavuvi wamezidi.

Mimi: Marahaba mwanangu. Baba ana haki, ila kuna nusu nyingine. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, duniani linazidiwa na Baikal tu. Lakini oksijeni iko tabaka la juu, mita mia moja hadi mia mbili hivi, na chini ya hapo samaki hawaishi. Virutubisho vingi navyo vimezama huko chini. Upepo wa kusi wa kuanzia Mei ndio unaosaidia kuvikoroga hadi virudi juu. Maji ya juu yakizidi joto yanakuwa mepesi, yanakaa kama mafuta juu ya mchuzi, na upepo unashindwa kukoroga. Chakula cha dagaa kinapungua kabla wavu haujafika. Chemsha maji ya rangi utie taratibu juu ya maji baridi kwenye glasi, utaona. Ukikwama njoo shuleni, nina madesa (notsi) ya kukupa.

neema_u: Nimejaribu na chai. Imekaa juu!

Mimi: Sasa ipulizie, halafu uchore unachokiona.

mgebuka_mkavu: Samahani natoka nje ya mada, nani anauza dagaa wasio na mchanga?

Mimi: Uliza walioanikwa kwenye chanja, si chini. Ila wiki hii mwezi umejaa, bei iko juu. Subiri giza.