Mambo ya kuzingatia kabla ya kusoma vihesabio vya makosa vya porti za swichi

Fundi anayeitwa kutazama mtandao unaokatika mara kwa mara, iwe ni katika ghala la samaki pale Kirumba au katika ofisi ya ghorofa mbili huko Nyamagana, hukimbilia kushika kebo. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo, na kebo niliyoing'oa ilikuwa ya mizani ya kupokelea samaki, wakati porti yenye makosa (tundu la kebo kwenye swichi, kifaa kinachounganisha mashine za mtandao) ilikuwa nyingine kabisa. Tangu siku hiyo sipandi ngazi kabla ya kuhakikisha kwamba namba niliyoisoma kwa SNMP, yaani njia ya kuiuliza swichi habari zake kupitia mtandao, ni ya tundu lile lile ninalotaka kuligusa.

Kwanza ni ruhusa. Swichi hujibu maswali ya SNMP kupitia porti ya UDP 161 (hii ni namba ya mlango wa programu, si tundu la kebo), na mwenye mtandao ndiye anayetakiwa kukupa haki ya kusoma tu, bila haki ya kubadilisha chochote. Toleo la 3 linaweza kuthibitisha utambulisho wa anayeuliza na kuficha mazungumzo yake. Toleo la 2c hutegemea neno moja la siri linalopita wazi kwenye waya, kwa hiyo ukikuta neno hilo bado ni «public», mshauri mwenye swichi alibadilishe kabla hujaendelea na kazi.

Jambo linalohitaji subira kuliko yote ni majina. Vihesabio vya makosa havipangwi kwa namba iliyochapwa usoni mwa swichi, bali kwa namba ya ndani iitwayo ifIndex, na namba hizo mbili hazilazimiki kufanana: katika baadhi ya swichi za Cisco Catalyst, porti ya 7 ya gigabiti hubeba ifIndex 10107. Kwa sababu hiyo, kabla ya kusoma kosa lolote, vuta safu ya ifName (jina la porti), ambayo anwani yake ndani ya SNMP ni 1.3.6.1.2.1.31.1.1.1.1, uiweke kando ya safu ya makosa yanayoingia, yaani ifInErrors, ambayo ni 1.3.6.1.2.1.2.2.1.14, kisha uziunganishe kwa namba ya mwisho ya kila mstari, ambayo ndiyo ifIndex. Soma pia ifAlias, kwa kuwa hapo ndipo msimamizi huandika kwa maneno yake kwamba porti hii ni ya mizani na ile ni ya kamera ya getini. Ukiikuta tupu, omba ijazwe.

Tahadhari zaidi inahitajika pale unapotafuta porti kwa kufuata anwani ya MAC ya kompyuta (namba ya utambulisho ya kadi yake ya mtandao). Jedwali la anwani la swichi hutoa namba ya tatu, ya daraja (yaani ya kazi ya swichi ya kupitisha data), ambayo si ifIndex wala si ile iliyochapwa usoni. Ni lazima uipitishe kwenye dot1dBasePortIfIndex, safu inayoigeuza kuwa ifIndex, ndipo ukutane na kihesabio kilicho sahihi. Mafundi wengi huiruka hatua hii kwa sababu katika swichi ndogo namba hizo hufanana, wakaja kupotea siku wanapokutana na swichi kubwa.

Umeme nao una sehemu yake. Sisi wa Mwanza tunajua unavyoweza kukatika na kurudi ndani ya alasiri moja, na swichi isiyo na betri ya akiba huanza kuhesabu upya kutoka sifuri kila inapowaka. Katika baadhi ya swichi hata ifIndex zenyewe hubadilika baada ya kuwashwa upya, hasa kama kuna moduli iliyoongezwa au kuondolewa, hivyo jedwali la mwezi uliopita linaweza kukuelekeza kwenye porti ya jirani. Soma sysUpTime (muda tangu mfumo wa SNMP wa swichi uwake) katika ombi lile lile unalosomea makosa: ikiwa muda huo ni mfupi kuliko ulivyokuwa safari iliyopita, tupa hesabu ya zamani, na ulinganishe majina upya kwa ifName. Kumbuka tu kwamba sysUpTime huhesabu sehemu za mia za sekunde na hurudi sifuri yenyewe baada ya siku 497 hivi, hata kama umeme haukukatika.

Usihukumu kwa namba moja. Makosa 40,000 yaliyokusanyika tangu mwaka jana yanaweza kuwa ya kebo iliyokwisha kubadilishwa, ilhali makosa 200 yaliyoongezeka ndani ya dakika tano ni ugonjwa wa leo. Soma mara mbili, andika saa ya kila usomaji, na utoe tofauti. Tenganisha pia ifInErrors na ifInDiscards, kwa kuwa fremu (vifurushi vya data) zilizotupwa mara nyingi hutokana na msongamano, na hakuna kebo mpya itakayouondoa. Pale dot3StatsFCSErrors (hesabu ya fremu zilizofika zikiwa zimeharibika) inapopanda, hasa wakati wa masika, kagua vichwa vya kebo zinazopita nje karibu na ziwa, maana unyevu huozesha shaba, na upime kama kebo ya shaba imezidi mita 100. Migongano ya kuchelewa (late collisions) kwa upande mmoja pamoja na makosa ya FCS kwa upande wa pili huashiria kwamba pande hizo hazikukubaliana kuhusu dupleksi, yaani kama zitume na kupokea kwa wakati mmoja au kwa zamu. Na kwa vile makosa yanayoingia huhesabiwa na anayepokea, chanzo chake kinaweza kuwa kwenye kifaa kilicho mwisho wa pili wa kebo.

Mwisho, omba dakika moja ambayo mwenye kazi hatumii mashine yake, chomoa kebo unayoishuku, na utazame ifOperStatus (hali ya porti: 1 inafanya kazi, 2 haifanyi) ya mstari wako: ikitoka 1 kwenda 2, umeshika porti sahihi. Ikibaki 1, rudisha kebo mara moja na uanze tena kwenye majina.